Waitishie mkutano mkuu wa AMCOS hapo hapo darasani

Mwalimu, salaam. Umesema wanafunzi wako wa stashahada ya kilimo wanayajua magonjwa ya mahindi yote, ila wakisimama mbele za watu wanatetemeka, na vikao vyao ni vurugu.

Mimi ningeacha kabisa mihadhara ya "sifa za kiongozi bora". Kesho hawa ni maafisa ugani, watasimama chini ya mwembe mbele ya watu waliolima miaka mingi kuliko umri wao. Mazoezi ya kuzungumza yawe shambani: dakika tatu, bila karatasi, mkononi jani lililoliwa na viwavijeshi, wenzake wakiigiza wakulima wabishi. Akitaja "nitrojeni", aulizwe ni mfuko upi wa mbolea dukani.

Taratibu za vikao zifundishe kwa mkutano mkuu wa kuigiza wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwani mkutano mkuu ndicho chombo chenye kauli ya mwisho katika chama. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kufanya mkutano, ihesabiwe, kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe na kuthibitishwa, kisha yajadiliwe yatokanayo na kumbukumbu hizo. Halafu leta ajenda yenye moto: ukomo wa madeni, yaani chama kikope hadi kiasi gani kwa ajili ya pembejeo. Mmoja mpe kwa siri kazi ya kupiga kelele, mwingine ya kuhamisha mada. Mwenyekiti atajua cha kufanya au atajifunza palepale. Katibu aandike kumbukumbu usiku uleule, wenzake wazikosoe. Vyeo vizunguke, na wasichana wasiachiwe ukatibu tu. "Mengineyo" yawekee muda, la sivyo mtakosa chakula cha mchana.