Kwa mabwana na mabibi shamba wapya Moshi: samadi ya bayogesi bado ina fosforasi yake

Ukipita kwenye vihamba (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba) vya Kibosho au Machame utaambiwa samadi iliyotoka kwenye mtambo wa bayogesi "imeshasafishwa". Kwa harufu na vimelea, kiasi hiyo ni kweli. Kwa fosforasi, hapana: gesi haiondoki nayo, yote hubaki kwenye tope linalotoka mtamboni. Mboji ndiyo zaidi, maana lundo likinywea, kila kilo hubeba fosforasi nyingi kuliko mwanzo.

Piga hesabu hivi. Tani 10 za samadi kavu kwa hekta, yenye fosforasi asilimia 0.4, ni kilo 40. Tani 3 za mahindi huondoka shambani na kilo 9 hivi. Zilizobaki hulimbikizana kila msimu, kwa sababu mkulima alipima samadi kwa mahitaji ya naitrojeni. Wewe pima kwa fosforasi, pengo la naitrojeni lizibwe kwa yurea. DAP, mbolea ya kupandia ya dukani, usiiongeze: mfuko wa kilo 50 una kilo 10 nyingine za fosforasi. Na usichanganye vipimo. Mfuko huandika P2O5 (fosforasi pamoja na oksijeni), maabara mara nyingi huandika P (fosforasi yenyewe). Zidisha P kwa 2.29 ndipo ulinganishe.

Udongo wetu wa volkano huing'ang'ania fosforasi, jambo linalowapumbaza wengi wakadhani haiendi popote. Kwenye mteremko udongo wenyewe ndio unaosafiri masika, na fosforasi yake, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu kulisha mwani. Kwa hiyo tope lisimwagwe juu juu. Chimba kijifereji cha sentimita 10 hadi 15 kukata mteremko, mimina, fukia siku hiyohiyo. Kikishuka na mteremko, umewajengea maji njia. Mvua kubwa ikinukia, tope libaki shimoni, na shimo liwe na paa.

Matete kando ya mto huzuia udongo. Fosforasi iliyokwisha kuyeyuka hupita kwa urahisi zaidi. Tena yakikatwa na kulishwa ng'ombe wa ndani, fosforasi imerudi bandani, pamoja na ile ya majani yanayopandishwa kutoka tambarare na ya mashudu ya dukani. Ndiyo maana migomba iliyo jirani na banda huwa imeshiba kupita kiasi huku shamba la tambarare likiwa na njaa. Tope likaushwe, lipakiwe kwenye pikapu, lishuke huko.

Sampuli za udongo za sehemu hizo mbili usizichanganye. Kila moja chota vituo 15, kina cha sentimita 0 hadi 20, kabla samadi haijawekwa.