Kwa wanaoanza kupima mikongo ya bahari kuu

Jambo la kwanza litakalokushangaza maabara ni kwamba mkongo wa mawasiliano wa kina kirefu ndio mwembamba kuliko yote: milimita 17 hadi 21 hivi, na hauna deraya, yaani nyaya za chuma za kinga, kwa nje. Ule mnene hulazwa karibu na pwani, kwenye nanga na nyavu za wavuvi. Kule chini hakuna wa kuusumbua sana. Hivyo usihangaike mno na utakavyoishi huko. Uliza utafikaje, na ukiharibika utatolewaje.

Kila ukipewa sampuli, piga hesabu. Mkongo wenye uzito wa nusu kilo kwa mita ndani ya maji ukining'inia mita 6,000, omo ya meli inabeba tani 3, na hapo bado mawimbi. Kuuvuta juu ni kazi nzito kuliko kuulaza. Ndiyo maana viwango vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vinatenganisha mvutano wa muda mfupi, takriban saa 1, ule wa ukarabati, takriban saa 48, na ule wa kudumu. Ukimpa nahodha namba ya kukatikia peke yake, hujamsaidia.

Kwenye mashine ya kuvuta, tazama kwanza sampuli imekatikia wapi. Ikikatikia kwenye kishikio, umepima kishikio, rudia. Kisha andika kama ncha zote mbili zilifungwa au moja iliachwa izunguke. Nyaya za chuma za mkongo zimezungushwa, kwa hiyo mkongo ukivutwa hutaka kujisokotoa. Ukiachiwa nafasi, nyaya zinalegea na faiba, ule uzi wa kioo unaobeba mawasiliano, inarefuka zaidi. Baharini mvutano ukipungua ghafla, msokoto huo hujikunja kuwa kitanzi sakafuni, na kitanzi kikivutwa huvunja faiba. Ripoti isiyosema ncha zilikuwaje mimi huirudisha bila kusoma kurasa nyingine.

Shinikizo la maji wageni hulihofia kupita kiasi. Mita 8,000 ni kama baa 800, kweli, lakini nyaya za chuma zilizouzunguka mrija wa faiba hubanana na kuukinga. Mimi nahofia zaidi mkongo uliokwisha kukatika, maana maji husafiri ndani yake. Kipimo chake kinachosha: unakata kipande makusudi, unakitia kwenye tangi la shinikizo, unakiacha siku kadhaa, kisha unakipasua kidogo kidogo kutafuta unyevu umekoma wapi. Usikifupishe. Mafundi melini wataitumia namba hiyo kujua wakate na kutupa mita ngapi kabla ya kuunga.