Maradufu, makutano au mwingiliano?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu fikra za wanawake Weusi wa Marekani. Nimeandika "falsafa nyeusi ya kifeministi" na "ukandamizaji maradufu", lakini mhariri ameyakataa yote mawili. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi. La kwanza ni jepesi: kivumishi huieleza nomino kinayopatana nayo, kwa hiyo "falsafa nyeusi" humwambia msomaji kwamba falsafa yenyewe ndiyo nyeusi, na jambo lisiloonekana kwa macho likiitwa jeusi katika Kiswahili, fikra hukimbilia giza au ubaya. Andika "falsafa ya kifeministi ya wanawake Weusi", maana wenye fikra hizo wanastahili kutajwa.

"Maradufu" lina uzito zaidi. Hilo ni neno la vipimo: mshahara ukiongezwa maradufu, kiasi hubadilika lakini mshahara ni uleule. Ukisema kwamba mwanamke Mweusi hukandamizwa maradufu, unachukua ubaguzi anaoupata mwanamume Mweusi na kuujumlisha na ule anaoupata mwanamke Mzungu, ilhali hoja kuu ya wanafalsafa hawa ni kwamba hesabu hiyo haimfikii mwanamke huyo.

Kesi iliyoamuliwa Missouri mwaka 1976 inalionyesha jambo hili waziwazi. Wanawake Weusi watano waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors, kwa sababu utaratibu wa kuwapunguza kwanza walioajiriwa mwisho uliwaondoa wao, ambao kabla ya 1964 milango ilikuwa imefungwa kwao. Mahakama ilijibu kwamba kampuni ilikuwa imeajiri wanawake tangu zamani, nao walikuwa Wazungu; dai la rangi ikashauri liunganishwe na kesi nyingine; na kuyaunganisha madai hayo mawili kuwa dai moja ikakataa. Hivyo dhuluma iliyowapata kwa kuwa wanawake Weusi ikakosa jina mbele ya sheria.

Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989, akatumia taswira ya makutano ya barabara, ambapo anayegongwa huenda ameumizwa na magari yanayotoka pande zaidi ya moja. Taswira hiyo ihifadhi kama ilivyo, ila usiitumie "njia panda", kwani aliye njia panda kwetu ni mtu anayesita kuamua. Hata "makutano" peke yake, kwa waliolelewa na Biblia ya Kiswahili, ni umati wa watu.

Kwa istilahi yenyewe, ile ambayo kwa Kiingereza huitwa "intersectionality", ninapendekeza "mwingiliano wa ukandamizaji". Kutoka "ingia" tunapata "ingilia", kisha "ingiliana": kila kimoja kimeingia ndani ya kingine, na hapo huwezi tena kukitoa kimoja ukakihukumu peke yake. Wapo wanaosita kwa sababu "kumwingilia" mtu kuna maana ya tendo la ndoa, na ninaielewa hofu yao, lakini nomino "mwingiliano" imezoeleka katika maandishi ya kitaaluma bila kuleta utata huo.

Mwisho, ichunge "na". Tangazo la kazi likisema "wanawake na watu Weusi wanahimizwa kuomba", kiunganishi hicho kimeyatenga makundi mawili, na aliye katika yote mawili hajui asimame wapi. Ukikutana na sentensi ya namna hiyo, andika "wanawake wa rangi zote na watu Weusi wa jinsia zote".