Maabara ya kwenye kivinjari inaanza kukufundisha ukishafunga maelekezo

Anayeanza kujifunza tehama kwa vitendo hufika kwenye njia panda: ajenge maabara kwenye kompyuta yake mwenyewe, au atumie maabara pepe zinazofunguka ndani ya kivinjari? Nimejifunza kwa njia zote mbili, na siku hizi nawaelekeza wenzangu wapya kazini. Kwa anayeanza, jibu langu ni kivinjari, wala si kwa sababu ya kitaalamu. Mwenye kompyuta mpakato ya RAM ya GB 4 akitaka kuwasha kwa pamoja mashine mbili za VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako), jioni yake inaishia kwenye kuchokonoa BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), kupakua faili ya ISO ya kusakinishia mfumo, yenye gigabaiti kadhaa, na kusikiliza feni ikilalamika. Linux yenyewe bado hajaigusa. Kwenye maabara ya kivinjari anabofya kitufe, anasubiri kidogo, na terminali, dirisha la kuandikia amri, iko mbele yake.

Wengi huzidharau wakidhani ni maigizo. Si maigizo. Ukibofya, seva ya mtoa huduma inakuwashia mashine pepe au kontena lako peke yako, na kivinjari kinabeba tu picha au maandishi ya skrini na vibonyezo vya kibodi yako. Kuna programu huria iitwayo Apache Guacamole inayofanya kazi hiyohiyo: upande mmoja inazungumza na mashine kwa SSH, RDP au VNC (njia za kuidhibiti mashine kutoka mbali), upande wa pili inazungumza na kivinjari chako. Kwa hiyo ukifuta saraka ya /etc, yenye mipangilio ya mfumo, umeifuta kweli, na mashine itakufia mikononi. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Yapo maigizo kweli, na ni vizuri kuyatambua mapema. Packet Tracer ya Cisco, kwa mfano, ni kiigizo: inafaa sana kwa kujifunza jinsi ruta na swichi zinavyozungumza, lakini ina sehemu tu ya amri ambazo kifaa halisi kinazo. Baadhi ya kozi za mtandaoni hukupa kidirisha kinachofanana na terminali lakini kinakubali tu ile amri inayotarajiwa. Kukipima ni rahisi: andika kitu ambacho hukuagizwa. Andika uname -r, ip a, au sakinisha kifurushi chochote. Kikikujibu “jaribu tena”, ujue uko kwenye mtihani wa kujaza nafasi, si kwenye maabara.

Angalia pia kama umepewa mashine pepe au kontena. Kontena ni chumba kilichotengwa tu: linatumia kerneli (kiini cha mfumo) ya mashine iliyolibeba na mara nyingi halina systemd, msimamizi wa huduma, ndani yake, kwa hiyo somo la kuwasha na kuzima huduma, au la kinachotokea mashine inapowashwa, litakupiga chenga. Kwa skripti za Bash na kwa Git (zana ya kutunza matoleo ya faili), kontena linatosha kabisa. Kwa anayetaka kuwa msimamizi wa mifumo, tafuta maabara inayokuruhusu kuandika reboot na kuisubiri mashine irudi.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Maabara nyingi zina sura moja: maelekezo kushoto, terminali kulia. Kwenye baadhi yao huhitaji hata kuandika, unabofya amri ndani ya maelekezo nayo inajiendesha. Mtu anaweza kumaliza somo zima la Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena nyingi, akiwa ameshika kipanya tu, alama za kijani zikiwaka kila hatua, na kesho yake ukimwambia aanzishe pod moja (kundi dogo la kontena) akakutazama. Nimewaona wenye vyeti vingi vya kumaliza kozi wa namna hiyo. Siwalaumu wao, mpangilio wenyewe unakuvuta huko.

Ninavyofanya mimi, na ninavyowasisitizia wenzangu, ni kupita somo mara ya kwanza nikisoma kwa utulivu na kuandika kila amri kwa vidole vyangu, bila kubandika. Kisha naizima mashine, nawasha nyingine mpya, nafunga upande wa maelekezo kabisa na kubaki na lengo tu, sentensi moja niliyoiandika pembeni. Nikikwama sikimbilii maelekezo. Nakimbilia man na --help (msaada uliomo kwenye mfumo wenyewe) na logi za mfumo, maana hivyo ndivyo nitakavyokuwa navyo kazini.

Chukua zoezi hili ninalolipenda. Mashine inaendesha Red Hat Enterprise Linux au ndugu zake kama Rocky Linux na AlmaLinux. Lengo: seva ya wavuti ya Apache isikilize poti 82 badala ya 80, ifikike kutoka mashine nyingine, na ibaki hivyo hata mashine ikiwashwa upya. Mwanafunzi anafungua /etc/httpd/conf/httpd.conf, anabadilisha Listen 80 kuwa Listen 82, anaandika systemctl restart httpd. Inagoma. Anaangalia systemctl status httpd na katikati ya maandishi anakuta “Permission denied”, pembeni yake anwani [::]:82. Hapo ndipo pilikapilika zinapoanza. Mmoja anagawa ruhusa kwa chmod 777, mwingine anarudia amri ileile akitanguliza sudo, wa tatu anatafuta ni nani aliyeishika poti 82. Hakuna aliyeishika, na wewe tayari ni root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Anayekataa ni SELinux, mlinzi wa ziada ndani ya Linux, ambayo ina orodha yake ya poti zinazoruhusiwa kwa seva za wavuti. 80 imo, 443 imo, 82 haimo. Orodha unaiona kwa semanage port -l | grep http, na unaongeza yako kwa semanage port -a -t http_port_t -p tcp 82.

Unawasha huduma tena, inakubali. Unajaribu curl localhost:82, ukurasa unakuja. Unajaribu kutoka mashine ya pili, kimya. Hiyo ni faiawoli: firewall-cmd --permanent --add-port=82/tcp, halafu firewall-cmd --reload. Sasa unafikika. Unaandika reboot, unasubiri, unajaribu tena, na hapo utajua kama uliiwezesha huduma kwa systemctl enable au uliiwasha tu kwa start na kuisahau.

Maelekezo yangekupa amri ya semanage ikiwa tayari kwenye hatua fulani. Ungeibandika, alama ya kijani ingewaka, na usingepata nafasi ya kukutana na “Permission denied” isiyohusiana kabisa na ruhusa za faili. Kukutana nayo ukiwa huna mtu wa kumuuliza ndilo somo lenyewe.

Ukishamudu kujenga, haribu. Futa nukta mkato moja kwenye faili ya mipangilio ya Nginx, seva nyingine ya wavuti, kisha uone nginx -t inavyokutajia mstari wenye shida (au mstari unaofuata, tabia yake nyingine hiyo). Weka UUID (kitambulisho cha diski) isiyokuwepo kwenye /etc/fstab, orodha ya diski zinazofunguliwa mashine inapowaka, washa upya, na uone mashine ikikwama kwenye hali ya dharura. Jaza diski kwa fallocate mpaka huduma zianze kuanguka, kisha jifanye hujui kilichotokea na uanze kuchunguza kwa df -h. Kwenye seva ya kazini huwezi kufanya mazoezi haya, na kwenye kompyuta yako utasitasita. Kwenye maabara, kibaya zaidi kitakachotokea ni kubofya kitufe cha kuanza upya. Angalizo moja: ukitaka kufanya zoezi la fstab, hakikisha kwanza maabara yako inakupa skrini ya mashine yenyewe na si SSH tu, la sivyo hutaona chochote zaidi ya muunganisho uliokatika.

Kuna udhia mdogo mdogo wa kivinjari ambao hakuna kozi inayoutaja. Ctrl+W kwenye Bash inafuta neno la mwisho, na kwenye vim, kihariri cha maandishi, inahamisha dirisha. Kwenye kivinjari inafunga kichupo kizima, pamoja na maabara yako. Mkono uliozoea haukumbuki, kwa hiyo ufundishe njia nyingine: Esc kisha Backspace hufuta neno kwenye Bash, na :wincmd w hufanya kazi ya kuhama dirisha kwenye vim. Ctrl+Shift+C uliyoizoea kwenye terminali za Linux kwa kunakili, kwenye Chrome na Firefox inaweza kukufungulia zana za wasanidi. Jaribu Ctrl+Insert na Shift+Insert. Na nywila ikikataliwa ilhali una uhakika nayo, usianze kuilaumu mashine. Andika alama zake mahali zinapoonekana kwanza, kwenye nafasi ya jina la mtumiaji kwa mfano. Kibodi iliyopangwa kwa Kiingereza cha Uingereza na ile ya Marekani zinabadilishana nafasi za @ na alama ya kunukuu, na nywila za maabara hupenda sana kuwa na @.

Intaneti ikiwa ya kusuasua, chagua maabara ya terminali na uachane na zile zinazoonyesha eneo-kazi zima la Windows au Linux. Maandishi yanakula data kidogo sana, picha ya skrini inamaliza bando na bado kipanya kinakuja kwa kuchelewa. Na kitu cha kwanza ukishaingia, andika tmux. Mtandao ukikatika, kazi yako inaendelea kule kwenye seva, na ukirudi unaandika tmux attach unaikuta ulipoiacha, mradi mashine yenyewe haijazimwa.

Itazimwa tu, maana mashine hizi ni za muda. Google Cloud Shell, ambayo ni terminali ya kivinjari ninayoitumia sana, inakutunzia GB 5 za saraka yako ya nyumbani. Programu ulizosakinisha kwa apt nje ya hapo hutazikuta kipindi kijacho, na usipoigusa kwa siku 120 hata hiyo saraka inafutwa. Jukwaa lenyewe nalo linaweza kuondoka: Katacoda, ambayo wengi walijifunzia Docker (zana ya kuendesha kontena) na Kubernetes, ilifungwa kwa umma mwaka 2022. Kwa hiyo madaftari yako yakae nje ya maabara, kwenye faili za kawaida unazozihifadhi kwa Git. Usiandike amri tupu. Andika ulichotaka, ulichokiona, ulichodhani, na kilichokuwa kweli. “Permission denied ya Apache kwenye poti mpya, angalia SELinux kabla ya ruhusa” ni mstari utakaokuokoa baadaye kuliko kurasa za history, orodha ya amri ulizoandika. Amri zikishatulia, ziandike kama skripti inayoijenga mashine yote upya. Wengi huingia kwenye Ansible, zana ya kusanidi mashine kwa faili zilizoandikwa, kwa mlango huo, bila hata kukusudia.

La usalama nitalipitia haraka. Mashine ya maabara ni ya mtu mwingine, basi usiweke humo nywila unayoitumia kwingine wala funguo za akaunti yako halisi ya wingu. Na kwenye majukwaa ya udukuzi wa mafunzo kama TryHackMe na Hack The Box, ruhusa uliyopewa inaishia kwenye mashine walizokuandalia. Ukijaribu mbinu hizohizo kwenye tovuti ya mtu, hilo ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na “nilikuwa najifunza” haikuokoi.

Kama unalenga cheti cha vitendo, mazoezi ya kivinjari yana faida ya ziada. Mtihani wa CKA wa Kubernetes ni wa saa 2, na unafanyika kwenye eneo-kazi la mbali ndani ya kivinjari, kwa hiyo kero zote za kunakili na kubandika nilizozitaja utazikuta huko, saa ikikimbia. RHCSA, mtihani wa Red Hat wa usimamizi wa Linux, ni saa 3 za kazi tupu, hakuna maswali ya kuchagua, na ulichokisanidi kinatakiwa kibaki baada ya kuwasha upya. Ndiyo maana nasisitiza ile reboot ya mwishoni.

Yapo ambayo maabara ya muda haiwezi kukufundisha, hata ikiwa nzuri vipi. Mashine inayoishi kwa saa chache haijazi diski kwa logi. Cheti chake cha usalama wa tovuti kutoka Let's Encrypt, ambacho kwa kawaida kina uhai wa siku 90, hakipati nafasi ya kuisha muda. Hakuna sasisho la kerneli linalokuja usiku na kuvunja kitu. Ukishafika mahali unamaliza mazoezi bila kufungua maelekezo, tafuta mashine moja ndogo ya kwako, iwe kompyuta chakavu au seva ndogo ya kukodi, weka juu yake kitu unachokitumia kweli, na uiache iwe hai. Wiki chache baadaye ingia, andika df -h na journalctl -p err -b, uanze kufuatilia utakachokikuta.