Alisema ni vumbi la mbao

Mume wangu ni seremala hapa Iringa, anafanyia kazi mbao za paini kutoka Mafinga. Alipoanza kukohoa, jibu tulikuwa nalo tayari: vumbi. Hata mimi niliamini. Nilimshonea kitambaa cha kujifunga puani akipiga randa, nikachemsha tangawizi, nikanunua dawa ya maji ya kifua. Chupa ikaisha, nikanunua nyingine. Wiki ya tatu muuza dawa akanipa antibayotiki. Kikohozi kikatulia siku mbili tatu, kikarudi vilevile.

Kilichonishtua hasa ni mkanda wake. Asubuhi moja nilimkuta kauweka juu ya stuli, anautoboa kwa msumari na nyundo. Nilipouangalia, pembeni ya tundu lile kulikuwa na jingine ambalo halijazeeka. Alishautoboa mara moja bila mimi kujua. Na usiku alikuwa akilowa jasho mpaka nabadilisha shuka, mwezi wa saba, baridi ya Iringa tunayoijua.

Hapo nikaanza kosa ambalo naona wengi tunalifanya. Kila siku, "Nenda hospitali." Wakati wa chai, wakati wa kula, tukiwa tumelala. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyokuwa mkali. Mwisho nikampigia wifi yangu nikamweleza yote, naye akampigia kaka yake palepale. Jioni ile aliniambia neno moja tu, "Umenitangaza," akanyamaza siku tatu. Nasema kwa moyo wote: alikuwa na haki. Nilimwomba msamaha. Kama unataka mtu mwingine amwambie mwenzako, mwulize kwanza yeye anamwamini nani.

Mambo yaligeuka siku umeme ulipokatika. Tulikuwa jikoni karibu na jiko la mkaa, watoto wamelala. Sikumwambia aende. Nilimwuliza, "Baba Neema, unaogopa wakute nini?"

Alikaa kimya, anachokoa majivu kwa kijiti. Kisha akasema, "Mama Neema, nikienda watanipima na ule mwingine."

Kumbe miezi yote ile mimi nilikuwa nagombana na kikohozi, yeye anapambana na UKIMWI kichwani mwake. Baba yake mdogo alikohoa, akakonda, akafariki, na yeye akiwa kijana aliyasikia waliyokuwa wakinong'ona watu msibani. Kwake kukohoa na kukonda vilikuwa na jina moja tu. Na nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine: kwamba majibu yakitoka nitachukua watoto niondoke.

Sikumwambia "huna". Ningejuaje? Nilimwambia tutapima wote wawili siku moja, nitatangulia mimi, na likionekana lolote, dawa zipo na hakuna anayeondoka. Jirani mmoja alikuwa amenishauri nimdanganye kwamba tunakwenda kupima presha tu. Nilikataa, na wewe ukishauriwa hivyo kataa. Kikohozi kile kingeweza kuwa TB, yaani kifua kikuu, na anayepimwa TB na kukutwa nayo hushauriwa kupima VVU pia, kwa hiyo uongo ungefichuka palepale, na dozi ya TB kwa kawaida ni miezi sita. Utamsimamiaje mtu miezi sita kama siku ya kwanza ulimlaghai?

Jambo la pili lililosaidia ni kuifanya safari iwe ndogo. Neno "hospitali" kwake lilikuwa foleni ya kutwa nzima, sindano na kulazwa. Nilitangulia peke yangu kumwuliza muuguzi wa kitengo cha TB wanapima nini. Akasema kinachotakiwa ni makohozi, na kwamba anayekohoa wiki mbili au zaidi hana haja ya kungoja dalili nyingine. Kupima ni bure na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Nilirudi nikamweleza hivyohivyo, bila chumvi. Akauliza, "Makohozi tu?"

Tulikwenda siku ya pili yake. Alitoa ya kwanza palepale, akapewa kikopo cha asubuhi. Alfajiri alisimama nje nyuma ya jiko, nami namshikia tochi. Mara ya kwanza yalitoka mate. Akavuta pumzi ndefu, akakohoa kutoka chini kabisa, akafunga mfuniko, akakikabidhi mkononi mwangu bila kusema neno. Nilijua amekubali.

Ilikuwa TB. Majibu ya kipimo kile kingine ni yetu wawili.

Muuguzi alituonya kwamba mkojo utakuwa mwekundu kwa sababu ya dawa, na ashukuriwe, maana kuna wanaotishika wakaacha dozi. Vyombo hatukutenga, kwa sababu TB inasafiri kwa hewa, haikai kwenye sahani. Madirisha ndiyo tuliyofungua, ingawa kwa baridi hii watu walitushangaa. Mdogo wetu ana miaka 3, naye alichunguzwa akapewa dawa za kumkinga, kwa kuwa walio chini ya miaka 5 ndio wanaozidiwa haraka.

Nilichosimulia ni kwa mtu ambaye bado anatembea na anakula. Mwenzako akikohoa damu au akishindwa kupumua, usikae kumwuliza anaogopa nini. Tafuta usafiri saa hiyohiyo.

Sasa yuko mwezi wa nne wa dozi. Pale karakanani kuna kijana anakohoa, na Baba Neema hajamwambia "nenda" hata mara moja. Amekuwa akila naye mchana, wanaongea. Jana usiku akaniambia, "Yule anaogopa kufukuzwa chumba na mwenye nyumba." Jumatatu wanakwenda pamoja.