DNA ya tembo kutoka kwenye kinyesi: mnapokosea
Kwa aliyeuliza kwa nini wanafunzi wake wanaambulia data haba kutoka kwenye kinyesi cha tembo: tatizo huanzia porini, si kwenye kompyuta. Seli za tembo mwenyewe ziko kwenye ule ute unaong'aa juu ya bonge. Ukichota katikati, unabeba majani na bakteria. Wakwangue ute wa nje, bonge likiwa la siku hiyohiyo na halijapigwa jua, kiasi cha kijiko cha chai, wauzamishe kwenye ethanoli ya asilimia 95 iliyo mara tatu au nne ya sampuli. Glavu mpya kwa kila rundo, bila ubishi.

Maabara, kila kundi la sampuli liwe na mrija mmoja usio na kinyesi, ili uchafuzi uonekane. DNA ikiwa kidogo, aleli moja (toleo la kipande cha DNA; tembo hupata moja kwa kila mzazi) hupotea kwenye PCR, yaani hatua ya kunakili DNA iwe nyingi. Tembo mwenye aleli mbili tofauti anasomeka ana moja, na mtu anatangaza kwamba ndugu wanazaana! Rudieni PCR angalau mara tatu kabla ya kuandika homozaigoti (mwenye aleli mbili zinazofanana).

Na msikimbilie kusoma jenomu nzima (DNA yote ya tembo): DNA nyingi humo ni ya bakteria, hela itaishia huko. Kutambua tembo mmoja mmoja, mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia, idadi ikitofautiana kati ya tembo na tembo) zinatosha. Halafu ondoeni sampuli zilizojirudia za mnyama yuleyule kabla ya kukokotoa takwimu za jenetiki.