Nilivyojifunza kumtegemea Mungu kwa gramu

Dada, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Umesema mama alikatwa kinyama kwenye titi kikapelekwa maabara, mnasubiri majibu wiki ya tatu sasa, usingizi umekuhama, unasali lakini ukishasema amina moyo unarudi palepale. Ukauliza kama imani yako ni ndogo. Waliotangulia kukujibu wamekuambia ufunge, na mmoja kasema hofu ni roho chafu. Mimi si mchungaji wala shehe, ni fundi seremala wa Muheza. Nitakusimulia yaliyonikuta, wewe chukua linalokufaa.

Aprili 2017, masika yamekaza, mke wangu alikuwa na mimba ya wiki 31. Miguu ilivimba, kichwa kikamuuma siku mbili tukidhani ni malaria, halafu akaanza kuona vimulimuli. Alipopimwa presha kliniki hawakumruhusu hata kurudi nyumbani kuchukua khanga. Walisema ni dalili za kifafa cha mimba. Akapelekwa Tanga mjini, akachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na baada ya siku mbili akafanyiwa operesheni. Mtoto wa kike, gramu 1,340. Wenye maduka mnaujua uzito huo, ni kilo na robo ya sukari na chenji kidogo.

Usiku wa kwanza nililala kwenye benchi la nje. Kusema nililala ni kujisifu. Kila mlango wa wodi ukilia nilisimama. Na nilisali, tena sana, ila nikikumbuka sala zile naona nilikuwa napatana bei. Nilimwahidi Mungu mabenchi ya kanisa zima bila kuchukua hata senti ya ufundi, mbao juu yangu. Ilipofika alfajiri nilikuwa nimeongeza na madirisha.

Asubuhi nikanunua daftari dogo la shule, nikaanza kuandika uzito wa mtoto. Siku ya pili 1,310. Ya tatu 1,280. Ya tano 1,230. Hebu fikiria, umemwomba Mungu usiku kucha halafu mzani unakujibu hivyo. Nilipiga hesabu kwamba akiendelea hivi, wiki mbili tu atakuwa chini ya kilo moja. Sikumwambia mke wangu, nikamwambia yule nesi wa zamu ya asubuhi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Akachukua daftari langu, akalisoma, akacheka kidogo. Akanieleza kwamba mtoto yeyote akizaliwa hupungua siku za mwanzo, hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, anaweza kuchukua wiki mbili kurudi alipoanzia. Kisha akasema, "Baba, hapa andika ya leo. Ya kesho mzani haujayapima." Alikuwa anazungumzia mzani tu, wala hakuwa anahubiri, lakini neno lile liliniingia kuliko mahubiri yote ya mwezi ule.

Maana mahubiri nayo yalikuja. Jumapili alifika mtu mmoja wa maombi, sitamtaja wala kanisa lake, akaniambia machozi yangu yanafunga mlango wa muujiza, na nikitoa mbegu hofu itatoka. Nilitoa elfu thelathini, ya nauli na ya dawa. Hofu haikutoka, nauli ndiyo iliyotoka. Tangu siku ile mtu akiniambia mwenye imani haogopi, namuuliza Zaburi ya 13 iliandikwa na nani. Imeanza na "hata lini", na kabla aya ya pili haijaisha mwenye kusali ameshaisema mara nne. Na ile ya 56, kabla haijasema "sitaogopa", inasema "siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe". Yaani hofu yenyewe imeshapewa siku yake, inajulikana ipo. Kwa hiyo dada, mtu anayeogopa na bado anamwita Mungu, huyo yuko katikati kabisa ya Zaburi.

Kwenye benchi lile nilikuwa na bibi mmoja wa Pangani aliyekuwa akimuuguza binti yake. Akiamka kuswali alfajiri alikuwa ananiamsha na mimi, "na wewe sali kwa lugha yako". Siku moja aliniona nimekaa tu, uji wa mgonjwa unapoa kwenye chupa, nimefumba macho nasali. Akanipiga bega. "Mwanangu, Mtume aliulizwa na mtu: nimfunge ngamia nitawakali, yaani nimtegemee Mungu, au nimwache nitawakali? Akamwambia mfunge, kisha utawakali. Haya, peleka uji!" Nikapeleka uji. Kwa mke wangu uji ule ulikuwa maziwa, na kwa mtoto maziwa yalikuwa uhai, matone yaliyokamuliwa na kupitishwa kwenye mpira wa pua. Kumbe nilikuwa naomba muujiza huku nimeukalia kwenye chupa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa shuhuda huwa wanaliruka. Kitanda cha jirani na mke wangu kilikuwa cha binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wake alizaliwa siku moja baada ya wetu, mkubwa kuliko wetu. Mama yule alikuwa akisali kuliko sisi, anaimba taratibu huku anakamua. Usiku wa tisa mtoto wake akafariki. Nilimwona asubuhi amekaa na khanga imekunjwa mapajani, anaikunja upya, anaikunjua, anaikunja. Sikuweza kumwambia kitu. Na mpaka leo nikisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa mwanangu, siwezi kusema "kwa sababu tuliamini". Nitakuwa namwambia binti yule kwamba yeye hakuamini. Sina jibu lake, na anayekupa jibu lake haraka haraka mwangalie vizuri.

Lakini baada ya msiba ule ndipo nilipobadilika kusali, wala sikupanga. Sikuweza tena kuomba "mhakikishie mwanangu maisha", kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba hakuna mtu wodini mle aliyepewa hati. Nikakumbuka habari za mana jangwani, Kutoka 16. Watu walipewa ya siku moja. Waliojiwekea ya kesho waliamka wakakuta mabuu na uvundo. Nilikuwa nimeisikia tangu Sunday school nikidhani ni hadithi ya walafi. Usiku ule niliielewa kama baba. Usingizi wangu ulikuwa unaliwa na mabuu ya kesho: akifa tutamzika wapi, akipona akiwa kipofu itakuwaje, deni la mbao nitalilipaje. Nikaanza kuomba gramu. Kwa kweli hivyohivyo. "Bwana, leo naomba gramu ishirini." Kuna siku alitoa thelathini na tano, kuna siku alitoa tano, kuna siku hakutoa. Niliandika zote. Siku ya kumi na tatu mtoto alirudi 1,340 nikajikuta nacheka peke yangu kwenye ngazi kama chizi.

Kisha wakatufundisha kangaruu. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi, kofia na soksi, anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa kimeelekezwa pembeni, mnafungwa pamoja kwa khanga. Njia hii madaktari wawili wa Bogotá, Kolombia, waliianza mwishoni mwa miaka ya 1970, vitanda vya joto vilipokuwa havitoshi. Mke wangu mshono ulikuwa unamsumbua, nesi akasema baba naye ana kifua. Nikavua shati mbele ya kina mama wote wale, vumbi la mninga bado liko kwenye vinyweleo vya mikono.

Sijui nikuelezeje. Ana joto la kifaranga, mapigo ya moyo wake yanakwenda mbio juu ya yangu yanayokwenda pole. Nesi akaonya kwamba njiti wakati mwingine husahau kupumua, nikiona kimya nimguse unyayo. Usiku ule alisahau mara mbili. Mara ya kwanza nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, nikamkuna unyayo, akashtuka, akavuta hewa kwa hasira. Hapo nikaelewa mgawanyo wa kazi. Mimi naweza kuguswa na kugusa. Kumpumulia siwezi. Nikaweka kidole kwenye ule unyayo mdogo kama ganda la korosho na nikakaa hivyo mpaka saa kumi alfajiri, na ndani yangu kulikuwa kumetulia. Woga ulikuwepo bado, umekaa pembeni kama mgeni ambaye umeshamzoea. Sijapata utulivu kama ule hata siku za raha.

Tulitoka siku ya thelathini na tano, gramu 1,810. Mabenchi ya kanisa sikuyatengeneza yote, mchungaji wetu aliposikia ahadi yenyewe alisema Mungu si mdai, tengeneza mawili ukiweza. Mchungaji huyohuyo ndiye aliyempeleka mke wangu kwa daktari miezi mitatu baadaye, alipokuwa hapati usingizi, hali chakula, na anasema afadhali asingeamka. Ilikuwa sonona ya uzazi, akatibiwa huku tukisali. Nalisema hili kwa sababu wiki tatu bila usingizi si jambo la kusali peke yako gizani. Zungumza na daktari ukienda na mama, mwambie na habari zako.

Kuhusu majibu, usikae tu kusubiri simu. Nenda pale maabara na namba ya kipimo, uliza kwa upole kimefikia wapi, mfunge ngamia. Halafu ukirudi, ule. Nabii Eliya alipolala jangwani chini ya mti wa mretemu akiomba kufa, malaika hakumkemea hofu yake, alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena.

Mke wangu anakusalimu, nimemsomea ulichoandika. Tuandikie jina moja tu la mama, bila la ukoo, atalitaja leo saa nne usiku. Yeye ndiye wa kutegemewa kwa hilo, mimi saa hizo huwa nimeshaanza kusinzia.